Mwalimu wa BOM na miezi isiyo na mshahara: je, Kenya kuna fedha za kukosa kazi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa BOM, yaani niliyeajiriwa na bodi ya usimamizi ya shule, katika shule ya upili ya kutwa huku Eastlands, Nairobi. Nafundisha Kiswahili na Dini, vipindi 22 kwa wiki, na nina namba ya usajili ya TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali. Nilianza Januari 2024 kwa barua ya muhula mmoja. Tangu hapo sijapewa barua nyingine. Shule zikikaribia kufunguliwa napigiwa simu. Nalipwa 13,000 kwa mwezi kwa M-Pesa, Aprili na Agosti napata nusu, Novemba na Desemba sipati kitu. Tukifunga, mkuu wa shule hutuambia, "Walimu, tuonane Januari." Binamu yangu anayeishi California ameniambia kwamba huko walimu wa muda hulipwa fedha za kukosa kazi shule zikifungwa. Je, hapa kwetu kuna kitu kama hicho? Na kama hakuna, nina haki gani?

Jibu:

Mwalimu, nianze na habari mbaya ili isikusumbue tena: Kenya haina hazina inayomlipa mtu aliyekosa kazi. Hakuna ofisi ya kupanga foleni, wala fomu ya kujaza. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kulindwa kijamii, lakini haki hiyo bado haijageuzwa kuwa shilingi mkononi mwa mtu mzima mwenye nguvu aliyesimama kwa miezi miwili bila mshahara. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, ni ya wazee waliofika miaka 70, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa. NSSF nayo ni akiba ya uzeeni: unaipata ukifika miaka 60, au ukistaafu mapema kuanzia 50, au ukipata ulemavu wa kukuondoa kazini. Novemba haimo.

Jirani zetu Tanzania wamepiga hatua hapo. Tangu marekebisho ya 2018, mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii anayepoteza kazi bila kuiacha mwenyewe, na aliyechangia kwa angalau miezi 18, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Wanaliita fao la kukosa ajira. Nalitaja ili ujue kwamba jambo hili si ndoto ya nchi tajiri peke yake. Sisi hatujaamua tu.

Sasa tuje kwa binamu yako, maana amesema kweli, ila ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ina somo kubwa kwako.

Marekani wana bima ya kukosa kazi tangu 1935, inayotokana na kodi wanayolipa waajiri. Lakini mwaka 1970 sheria yao ya kitaifa ilianza kuwafungia mlango walimu wa vyuo katika kipindi cha katikati ya mihula, na baadaye walimu wa shule wakaingizwa humo. Mwalimu mwenye mkataba, au aliyehakikishiwa kwa kiwango cha kuaminika kwamba atarudi muhula ujao, hapati kitu. Hoja yao ni kwamba huyo hajapoteza kazi, yuko likizoni. Walimu wa muda wa chuo kimoja cha umma cha San Francisco walilipinga hilo mahakamani, na mwaka 1989 mahakama ya rufaa ya California ikakubaliana nao: mtu aliyepangiwa darasa kwa sharti kwamba wanafunzi wajitokeze kwa idadi ya kutosha, na fedha ziwepo, hajahakikishiwa chochote. Kwa hiyo analipwa. Ndiyo maana binamu yako anawaona walimu wa huko wakipokea fedha.

Angalia vizuri jinsi mizani yao inavyofanya kazi. Huko California, mkuu wa chuo akikuambia kwa uhakika "tuonane muhula ujao", maneno hayo yanaweza kukunyima fedha. Hapa Nairobi, kwa kuwa hazina hiyo haipo, maneno hayo hayo ndiyo yanayoweza kukusaidia. Yanaonyesha kwamba kazi yako haikuisha Oktoba. Na kama kazi haikuisha, basi shule bado ni mwajiri wako, na mwajiri ana wajibu wake.

Kwa hiyo usiulize kama serikali itakulipa Novemba. Jiulize hivi: tarehe 24 Oktoba 2025 shule ilipofunga, mkataba wako uliisha, au ulienda likizo? Kila kitu kinategemea jibu la swali hilo. Na nikuambie, shule nyingi hazitaki kulijibu, kwa sababu zinapenda kula pande zote mbili. Wakati wa kulipa, wewe ni mtu wa muhula ambaye muhula wake umekwisha. Mitihani inapotakiwa kusahihishwa katika wiki ya kwanza ya likizo, au zamu zinapogawanywa, wewe ni "mwalimu wetu".

Nimelipitia hili mwenyewe. Zamani tukiitwa walimu wa PTA, yaani wa chama cha wazazi na walimu, na mimi nilikuwa mmoja wao katika shule fulani ya hapa jijini. Desemba moja niliitwa shuleni mara tatu kukagua vitabu vya maktaba, na nauli ya matatu nikajilipia. Niliogopa kuuliza malipo, nikidhani nikiuliza, Januari simu haitalia. Januari ikafika, na simu haikulia, ingawa sikuwa nimeuliza lolote. Ndiyo sababu nakujibu kwa urefu.

Tuingie ndani ya sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Wewe hulipwi mwisho wa siku. Una ratiba ya vipindi, una madarasa, una zamu, unalipwa kwa mwezi. Hata wakikuita kibarua katika kikao cha walimu, sheria haikuiti hivyo. Na hata angekuwepo kibarua wa kweli, kifungu cha 37 kinasema akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, anageuka kuwa mfanyakazi wa mwezi, na hawezi tena kuachishwa bila notisi ya siku 28.

Halafu kuna suala la barua. Kifungu cha 9 kinamtaka mwajiri aandike mkataba wa kazi yoyote inayofikia miezi 3 au zaidi. Jukumu hilo ni lake, si lako. Na kifungu cha 10 kinaongeza jambo ambalo walimu wengi hawalijui: mkifika mahakamani na mwajiri hana mkataba wa maandishi, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti mnayobishania. Yaani shule ikidai "tulikubaliana kwamba likizo hailipwi", itabidi ionyeshe makubaliano hayo yako wapi.

Hapo ndipo hali yako inapotofautiana na ya wengi wanaoniuliza swali hili. Mwalimu mwenye barua safi iliyoandikwa "mkataba huu unaanza 25 Agosti na kuisha 24 Oktoba 2025", na anayepewa nyingine kama hiyo kila muhula na kuitia sahihi, ana mlima wa kupanda. Mahakama zetu zimeshikilia mara nyingi kwamba mkataba wa muda maalumu huisha wenyewe tarehe yake ikifika, bila notisi wala sababu, na kwamba kutarajia uongezwe si haki, isipokuwa mwajiri awe alitoa ahadi ya wazi au alitenda kwa namna iliyokufanya uamini hivyo. Lakini wewe barua yako iliisha Aprili 2024. Mihula mitano iliyofuata umefundisha bila karatasi yoyote. Huenda hilo limekuwa likikunyima usingizi, ukijiona huna kitu cha kushika. Mimi naliona kinyume. Asiye na barua mara nyingi ana nguvu kuliko mwenye barua mbaya.

Tena kuna ile nusu mshahara ya Aprili na Agosti. Usiidharau. Shule inayosema kazi yako huisha kila muhula ukifungwa, ilikuwa inakulipa kwa sababu gani katikati ya mihula? Malipo hayo yako kwenye M-Pesa yako pamoja na tarehe zake. Ni ushahidi kwamba shule yenyewe ilikuchukulia kuwa mfanyakazi hata darasa likiwa tupu.

Sasa hesabu, maana haki isiyo na hesabu haiendi mbali.

Kwa mwaka unalipwa miezi 8 kamili na nusu mbili, jumla 117,000. Mwaka mzima ungekuwa 156,000. Pengo ni 39,000. Je, unaweza kulidai lote? Nikuambie bila kukupaka mafuta: hili ndilo dai lenye ubishi mkubwa. Shule itasema ulijua tangu mwanzo kwamba Novemba hulipwi, ukarudi Januari 2025 bila kulalamika, kwa hiyo ulikubali. Hakimu anaweza kulisikia hilo. Utakuwa na nguvu zaidi kwa siku ambazo uliitwa kazini wakati wa likizo: kusahihisha, kusimamia mtihani, kuhudhuria kikao, kuingiza alama kwenye kompyuta. Siku hizo ulifanya kazi, na kazi iliyofanywa hulipwa. Ziandike moja moja, na tarehe.

Likizo ya mwaka ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo ningeanzia. Kifungu cha 28 kinampa kila mfanyakazi siku 21 za kazi za mapumziko kwa kila miezi 12, kwa mshahara kamili. Zingatia neno kamili. Shule zinapenda kusema, "Lakini ninyi walimu mna likizo tatu kwa mwaka!" Kufunga shule bila kukulipa si likizo ya kisheria, na nusu mshahara si mshahara kamili. Nikigawa 13,000 kwa siku 26 za kazi za mwezi napata 500 kwa siku. Siku 21 ni 10,500 kwa mwaka. Kwa 2024 na 2025 ni 21,000, na wakitaka kupunguza humo zile nusu mshahara walizokupa, wao ndio wataonyesha kwamba zilikuwa malipo ya likizo ya mwaka.

Na hata tukiwapa shule hoja yao yote, kwamba kila muhula ulikuwa mkataba wake na uliisha, bado wewe hutoki mikono mitupu. Kifungu hicho hicho kinasema kazi ikiisha baada ya miezi 2 mfululizo au zaidi, unastahili siku 1.75 za likizo yenye malipo kwa kila mwezi uliokamilika. Chukua kalenda ya 2025. Muhula wa kwanza ulianza 6 Januari ukaisha 4 Aprili: miezi 2 iliyokamilika, wa tatu umepungukiwa siku moja tu. Wa pili, 28 Aprili hadi 1 Agosti: miezi 3. Wa tatu, 25 Agosti hadi 24 Oktoba: miezi 2 kamili, siku kwa siku. Jumla miezi 7, mara 1.75 ni siku 12.25. Kwa 500 kwa siku ni 6,125. Hizo ni fedha unazodai kwa mwaka mmoja hata kama kila neno la shule ni kweli. Sijawahi kuona mkuu wa shule aliyeielewa hesabu hii halafu akabaki na ile sauti ya "hatuna deni na wewe".

NSSF sasa. Angalia kama walikuwa wakikata na kupeleka. Kwa 13,000, mchango wako ni asilimia 6, yaani 780, na wa shule ni 780 mwingine. Kwa mshahara wako hukatwi kodi ya mapato, lakini wanapaswa kukata asilimia 2.75 ya bima ya afya, SHIF, ambayo ni 357.50, na asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, ambayo ni 195. Ukijumlisha makato yote matatu ni 1,332.50. Kwa hiyo kama M-Pesa inakuletea 13,000 kamili bila kupungua senti, inaelekea hakuna kilichopelekwa popote. Ingia kwenye akaunti yako ya NSSF uangalie mwezi kwa mwezi. Wakiwa wamekata bila kupeleka, hilo ni kosa kubwa, na NSSF yenyewe ina wakaguzi wake. Wakiwa hawajakusajili kabisa, basi siku mkiachana unaweza kudai malipo ya utumishi ya kifungu cha 35, ambayo mahakama zimekuwa zikiyakadiria kwa siku 15 kwa kila mwaka uliofanya kazi. Kwako ni 7,500 kwa mwaka.

Kuhusu SHA, mamlaka inayosimamia bima hiyo ya afya, piga *147# uone kama bima yako iko hai. Usisubiri mtoto augue Desemba ndipo ugundue kwamba mwajiri hakuwa akilipa.

Kuna kitu kingine kinachoniuma kila nikikutana na swali hili, nitakisema kisha nikiache. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa kawaida jijini Nairobi kuwa 16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Mfanyakazi wa kawaida ni pamoja na anayefagia uwanja wa shule. Amri hiyo haina mstari wa mwalimu, na shule itasema wewe ni wa vipindi, si wa siku nzima. Lakini kama unaingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi jioni siku tano, andika saa hizo. Afisa wa leba atazihitaji.

Pengine unajiuliza kwa nini Novemba ndiyo hukauka kabisa, na si Aprili. Si roho mbaya tu. Serikali hugawa fedha za elimu ya kutwa ya sekondari, ambazo kwa makadirio rasmi ni 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kwa mafungu matatu: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Kwa hiyo muhula wa tatu mwanafunzi huja na 4,449 hivi, tena zikifika kwa wakati na zikifika zote. Shule huingia Oktoba mfuko umelegea, na anayelipwa kutokana na makombo ya mfuko ni mwalimu wa BOM, kwa sababu wa TSC analipwa na TSC. Nakueleza haya ili uende kwenye mazungumzo ukijua mkuu wa shule anakabiliana na nini. Lakini ukata wa shule haufuti deni. Na bodi inayojua tangu Januari kwamba fungu la tatu ni dogo inaweza kutenga fedha za likizo kutoka fungu la kwanza. Zipo shule zinazofanya hivyo: zinachukua mshahara wa miezi 9 na kuugawa kwa 12. Kwako ingekuwa 9,750 kila mwezi, Novemba na Desemba zikiwemo. Si nyongeza hata ya shilingi, ila mwenye ploti hapigi kufuli mlango. Kama bodi yako haitaki kusikia habari ya madai, waombe hilo kwanza.

Utaanzia wapi basi? Anza na barua. Si ya wakili, yako mwenyewe, na iwe ya heshima. Mkuu wa shule ndiye katibu wa bodi, kwa hiyo iende kwa mwenyekiti kupitia kwake:

"Nimekuwa nikifundisha Kiswahili na Dini katika shule hii tangu Januari 2024. Barua yangu ya kwanza iliisha Aprili 2024, na nimeendelea na kazi hadi sasa. Naomba bodi initolee barua inayoeleza masharti ya kazi yangu, ikiwemo malipo ya miezi ambayo shule imefungwa, siku zangu za likizo ya mwaka na michango yangu ya NSSF. Nitashukuru nikipata jibu kabla ya shule kufunguliwa."

Basi. Usitaje mahakama, usitaje vifungu. Chapisha nakala mbili, peleka kwa karani wa shule, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Muhuri huo, Mwalimu, usikubali kuondoka bila huo. Nimeona kesi nzuri zikifa kwa sababu barua "haikufika".

Kabla hujaipeleka, kusanya vitu vyako. Omba taarifa ya M-Pesa ya tangu Januari 2024. Piga picha ratiba ya vipindi yenye jina lako, orodha ya zamu, rekodi ya kazi na maandalio ya somo yaliyotiwa sahihi na mkuu wa idara. Hifadhi ujumbe wa kundi la walimu wa WhatsApp, hasa ule wa kukuita kazini wakati shule imefungwa, na ule wa "tuonane Januari". Usitegemee simu ambayo inaweza kuibwa kwenye matatu kesho. Jitumie kwa baruapepe.

Wakinyamaza, nenda kwa afisa wa leba wa kaunti. Hulipi chochote. Atawaita, mtaketi meza moja, na shule nyingi humalizia hapo kwa sababu bodi haipendi jina lake liende mbele. Ikishindikana, kesi yako ni ya hakimu: tangu 2018 mahakimu wamepewa uwezo wa kusikiliza migogoro ya kazi ya watu ambao mshahara wao hauzidi 80,000 kwa mwezi. Usijipeleke kwenye mahakama ya madai madogo, haina mamlaka juu ya mambo ya ajira, na utapoteza nauli na muda. Kituo Cha Sheria hapa Nairobi kimesaidia wasio na uwezo tangu 1973, na wanaweza kukusaidia kuandika madai.

Na tarehe uziheshimu. Madai ya mkataba wa kazi yana miaka 3 tangu haki ilipovunjwa. Likizo ya 2024 haitakungoja milele. Lakini kama Januari simu haitalia na unataka kulalamika kwa afisa wa leba kwamba umeachishwa bila haki, una miezi 3 tu. Ukiachishwa hivyo ukiwa mfanyakazi wa mwezi, unaanza na malipo ya notisi, yaani mwezi mmoja, 13,000, na hakimu anaweza kuongeza fidia hadi mishahara ya miezi 12, ingawa ni nadra kumpa mwenye miaka miwili tu ya kazi kiwango hicho. TSC ikileta mwalimu wa Kiswahili na nafasi yako ikafa kwa sababu hiyo, kinaitwa kupunguzwa kazini: notisi ya mwezi mmoja, na siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa vyovyote vile, dai cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 kinakupa haki hiyo mradi ulifanya kazi kwa wiki 4 mfululizo au zaidi, na hakuna deni wala ugomvi unaoruhusu shule kukinyima.

Najua unachoogopa. Ukiandika, watatafuta mwingine. Nairobi ina walimu wengi wenye namba za TSC wanaosubiri. Sitakuambia hofu hiyo haina msingi. Ndiyo maana nimekuambia uanze na barua ya kuomba masharti, si ya kudai deni, na ndiyo maana ni vizuri mkiwa walimu wa BOM wanne au watano shuleni muandike pamoja, barua moja, sahihi zote. Mmoja ni rahisi kumwacha bila kumpigia simu. Watano ni ratiba nzima ya muhula wa kwanza.

Kwa hizi wiki 10 za likizo zenyewe, tahadhari moja. Wazazi watakuomba ufundishe watoto wao wakati wa likizo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, imepiga marufuku masomo ya ziada ya likizo kwa wanafunzi, na adhabu yake ni faini hadi 100,000 au kifungo hadi mwaka mmoja. Usikubali shule ikufungulie darasa kwa jina la kukusaidia, maana msako ukija, anayekutwa na chaki mkononi ni wewe. Watu wazima wanaotaka kujifunza Kiswahili ni habari nyingine, na jiji hili limejaa wageni wa mashirika wanaolipa vizuri kwa saa. Kusahihisha KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kunahitaji uwe umefunzwa na KNEC, baraza la mitihani. Kama hujafunzwa, angalia tangazo lao la mafunzo uombe, likusaidie miaka ijayo.

Mwisho, Januari wakikuita na kukuwekea barua mpya mezani, usiitie sahihi ukiwa umesimama ofisini. Omba uende nayo nyumbani usiku mmoja. Tafuta mstari wenye tarehe ya kuisha, na mstari wowote unaosema "hakuna madai ya awali" au kwamba umelipwa haki zako zote za nyuma. Ukiukuta huo wa pili na hujalipwa, andika kwa mkono pembeni, kabla ya sahihi yako: "Madai yangu ya likizo ya 2024 na 2025 bado hayajalipwa." Kisha weka tarehe, na upige picha.